Damu katika Mkojo: Vinyama vya Kibofu

Mwezi huu tunazungumzia vinyama vinavyoota ndani ya kibofu cha mkojo. Si kila kinyama ni kansa. Kwa watoto wetu, chanzo kimoja kikubwa ni kichocho.

Vinaotaje? Mtu huambukizwa akiogelea, akifua au akilima katika maji yenye konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hupenya ngozi, hukua kuwa minyoo na kukaa katika mishipa ya damu ya kibofu. Mayai yao yana mwiba. Yakinasa katika ukuta wa kibofu huuvimbisha, na vinyama huota. Mtoto wa Keko aliyekwenda likizo kwa bibi, Morogoro au Shinyanga, akaogelea bwawani, anaweza kukojoa damu miezi kadhaa baada ya kurudi nyumbani.

Dalili: Damu mwishoni mwa kukojoa, maumivu, na haja ndogo ya mara kwa mara. Wapo wanaomwambia kijana kuwa sasa amekua. Huo si ukubwa, ni ugonjwa.

Vipimo: Mkojo hupimwa kwa darubini. Unaofaa zaidi ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Ultrasaundi huonyesha vinyama, na pia kama figo zimevimba.

Tiba: Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, humezwa pamoja na chakula. Kwa watoto, vinyama vingi husinyaa baada ya dawa, bila kisu. Mrudisheni mtoto kupimwa tena, kwani dawa haiui minyoo michanga.

Kwa mtu mzima tahadhari ni kubwa zaidi. Damu ikionekana, hata bila maumivu, hata ikikoma yenyewe, aende hospitali. Kichocho cha miaka mingi huweza kuleta kansa ya kibofu. Daktari huingiza bomba jembamba lenye taa, hutazama, na huchukua kipande kipimwe. Kinyama kisicho kansa huweza kuondolewa kwa njia hiyohiyo bila kupasua tumbo.

Anzieni zahanati ya karibu. Ikibidi mtapewa rufaa kwenda Hospitali ya Temeke au Muhimbili.

Wazazi, leo jioni waulizeni watoto, kwa upole, mkojo wao una rangi gani. Wengi huona haya kusema wasipoulizwa.