Mzee Akisemwa ni Mchawi, Ninyi Wawili Mtasema Nini?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mapendo ya mume na mke, malezi ya watoto na matumizi ya fedha. Leo tumechagua jambo ambalo wengi hulinong'ona usiku mlango ukiwa umefungwa, nalo limekwisha kuharibu nyumba nyingi huku kwetu, tangu Kaloleni hadi Magarini: mzee wa nyumba kusemwa kuwa ni mchawi, na wanaosema ni mwanawe na mkaza mwanawe.

Tuseme kuna mume na mke waliofunga ndoa kanisani, wana watoto 3, nao wanaishi boma moja na baba mzazi wa mume. Usiku mmoja mtoto wa mwisho anashikwa na homa kali, macho yanapinduka, mwili unakakamaa. Jamaa wanawashauri waende kwa mganga wa mburuga. Mganga hataji jina la mtu. Anauliza tu: "Pale nyumbani hakuna mzee mwenye mvi?" Wakirudi, kila mmoja ana jina kichwani. Mke anakumbuka siku ile baba mkwe alipomshika mtoto kichwani. Mume anakumbuka jinsi mzee alivyokataa kuuza kipande cha shamba chenye minazi. Tangu siku hiyo mzee anapelekewa chakula na mtoto mdogo, tena sahani inawekwa mlangoni. Hakuna anayeketi naye barazani.

Mnajua mambo haya yanavyoweza kuishia. Katika Kilifi wazee wameuawa kwa mapanga, wengine ndani ya nyumba zao wamelala, na mara nyingi walioshukiwa ni watu wa damu yao. Wako waliopaka nywele zao rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Upande wa Ganze, pale Kaya Godoma, yaliwekwa makao ya kuwahifadhi wazee waliookoka. Fikirini hilo: mtu aliyelea watoto, akawaoza, kisha akawakimbia.

Sasa tufungue Injili ya Yohane, sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wanamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali lao halina tofauti kubwa na lile la mburuga. Kuna mgonjwa, basi lazima pawepo mtu wa kulaumiwa, na ikiwezekana awe wa nyumba ile ile. Yesu anakataa. Hakuna aliyekosa, si yeye wala wazazi wake. Kisha anainama, anafanya tope, anampaka yule mtu machoni na kumtuma akanawe katika bwawa la Siloamu. Anashughulika na mgonjwa, halafu maneno ya lawama yanakosa nafasi. Katika Luka 13, alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara huko huko Siloamu, alifundisha vivyo hivyo: msidhani walikuwa wakosefu kuliko wengine.

Msomaji mmoja atasema, "Lakini Yesu alitoa pepo." Naam, alitoa. Ila someni Injili zote nne, hamtakuta hata mara moja Yesu akimponya mgonjwa kwa kumwonyesha jirani au mzazi aliyemroga. Pepo alimkemea, mzee hakumgusa. Ndiyo sababu Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inakataza kupiga ramli kwa namna zote (namba 2116). Jina linalotoka katika ramli si ushahidi. Anayelirudia anamshuhudia jirani yake uongo.

Na yule mtoto? Degedege, ambalo watu wa Pwani wamelisingizia nyuni wa angani tangu zamani, mara nyingi huletwa na homa kali, na homa hiyo mara nyingi ni malaria. Tangu mwaka 1989 watafiti wa KEMRI wamekuwa wakichunguza malaria ya watoto pale pale katika hospitali ya Kilifi, si ng'ambo. Saa mbili zinazopotea kwa mganga zaweza kuwa ndizo saa za mtoto. Mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu kinywani, mkimbilieni hospitali. Chandarua kisikae sandukuni.

Ukichunguza sana, nyuma ya neno uchawi mara nyingi kuna shamba. Ardhi nyingi za Pwani zimekaa miaka mingi bila hati, na neno la mzee ndilo hati. Akiondoka, kugawa na kuuza kunakuwa rahisi. Hapa someni Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Yesu anawakaripia watu walioiita mali yao Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiitumie kuwatunza baba na mama. Walitumia neno zito la dini kukwepa Amri ya Nne. Neno "mchawi" lafanya kazi hiyo hiyo kwetu: ukishamwita mzee hivyo, huna tena deni la unga, la dawa wala la heshima.

Wengine hujitetea kwa kusema kuwa Yesu mwenyewe alifundisha mtu atamwacha baba yake na mama yake na kuambatana na mkewe. Kweli, ni Marko 10. Lakini endeleeni kusoma. Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 19, anamkumbusha yule tajiri awaheshimu baba na mama. Kumwacha mzazi ni kujenga nyumba yenu. Kumtupa ni jambo lingine.

Hatusemi hofu ni upuuzi. Mama ambaye amezika mtoto, usimcheke. Mume, ukimwona mkeo anaogopa, kaa naye, msikilize mpaka mwisho, msali pamoja, kisha mwende wote wawili kwa mzee. Mathayo 18:15 yaagiza hivyo: mwenye neno na nduguye aende wakaseme wawili peke yao. Huenda mkakuta mzee aliudhika kwa sababu ya sukari tu. Na ninyi wazee mnaosoma ukurasa huu, chungeni ndimi zenu. "Mtaniona!" iliyosemwa kwa hasira siku ya Jumatatu hukumbukwa Ijumaa mtoto akiugua.

Sasa jambo gumu zaidi. Mke amesikia mumewe na shemeji zake wakipanga usiku. Je, atii na kunyamaza kwa sababu ni mume wake? Hapana. Kiapo cha ndoa hakifuniki damu. Kwanza aseme na mumewe waziwazi, ikiwa kufanya hivyo hakumhatarishi yeye wala mzee. Asiposikilizwa, au muda ukiwa mfupi, amwambie chifu au polisi upesi, amfiche mzee, amjulishe paroko. Kwa kufanya hivyo hamsaliti mumewe. Anamzuia asiwe mwuaji. Yesu alisema katika Mathayo 5 kwamba hukumu huanzia kwenye hasira na matusi, kabla ya panga. Hata sheria ya nchi, ile ya Uchawi ya mwaka 1925, ilifanya kuwa kosa kumtangaza mtu mchawi hivi hivi kijijini.

Na mume ambaye mkewe ndiye anayemshuku mavyaa? Asimpige, wala asimhamishe mama yake kimya kimya ili apate amani. Leo jioni achukue sahani mwenyewe, mkewe achukue maji ya kunawa, wakale na mama.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili:

Katika nyumba yetu, ni mzee yupi ambaye hatujakaa naye wiki hii, na ni kwa sababu gani hasa?

Mtoto wetu alipougua mara ya mwisho, ni jina la nani lililotajwa? Tulijibu nini?

Je, shamba la wazazi tumelizungumza mbele yao, au tumelizungumza bila wao?