Linda Kokoto Kabla Jua Halijawaka

Majirani hapa Umoja, Nairobi, huniuliza kwa nini reli ya kisasa, SGR, haina ule mlio wa tak-tak wa treni ya Makadara. Njia ya zamani, sehemu nyingi, iliungwa kwa vibao vya chuma na bolti, na kati ya kipande na kipande ikaachwa nafasi ndogo. Reli ya SGR, iliyofunguliwa 2017, imechomelewa mfululizo. Chuma kikipata joto, hakina pa kwenda.

Kilomita moja ya reli ikipanda joto kwa nyuzi 30 ingetaka kurefuka kama sentimita 35. Ikizuiwa, huo urefu hugeuka msukumo: takriban tani 47 kwenye kila reli ya kilo 50 kwa mita. Na nyuzi 30 si nyingi. Asubuhi ya Julai Embakasi reli hutia mkono ganzi; mchana wa Februari inaweza kupita joto la hewa kwa nyuzi 20 hivi.

Kinachoishikilia isichomoke kando ni kokoto, na hapo ndipo naanzia kila ukaguzi. Bega la kokoto nje ya ncha ya taruma, ile boriti inayobeba reli, liwe na upana usiopungua sentimita 30 hivi, na katikati ya mataruma kujazwe hadi juu. Eastlands, tazama kwanza pale watu wanapovukia. Miguu huteremsha mawe siku baada ya siku mpaka ncha za mataruma zinabaki wazi. Kisha chomeka koleo: likitoka na tope la ule udongo wetu mweusi, mtaro umeziba taka na kokoto haina nguvu tena. Inama uangalie ncha ya taruma. Ukiona ufa mwembamba kati yake na mawe, taruma limeshaanza kutembea. Mikwaruzo inayong'aa kwenye kitako cha reli, kando ya vibanio, nayo inaonyesha kuwa reli inateleza kwa urefu.

Jambo la pili ni joto la kufungia, lile ambalo reli ikiwa nalo haisukumi wala haivuti. Reli ikivunjika asubuhi ya baridi, pengo hupanuka. Ukilijaza lote kwa chuma, umeongeza urefu utakaodaiwa Februari. Kwa hiyo kabla ya kukata, piga alama pande zote mbili, pima umbali kati yake, toa upana wa pengo, andika na joto la reli. Kipimo hicho lazima kirudi kilekile kabla ya kuchomelea mara ya mwisho, hata kama ni kwa kuivuta reli kwa jeki.

Kushindilia kokoto au kuinua njia kufanywe msimu wa baridi. Mawe yaliyotikiswa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko, hivyo treni zipunguziwe mwendo hadi yatulie tena.

Hata sokoni Mutindwa, kwenye njia ya bolti, viungo vikishikwa na kutu na nafasi zikifungika, reli hupinda vilevile. Ndiyo maana naongea na akina mama wa mboga pale: meza ikae nje ya bega, mawe yasichukuliwe. Wao huiona njia kutwa nzima. Mtu akiona reli imepinda kama nyoka, asiiguse wala asijaribu kuinyoosha. Atoke njiani, aarifu stesheni iliyo karibu mara moja, na ataje alama ya mahali ili treni isimamishwe.