Je, Mtu Aweza Kuwa Mwema Bila ya Kumwamini Mungu?

Mara kwa mara wasomaji wetu wanaotafuta ukweli huuliza: Je, maisha ya mtu asiyemwamini Mungu yana maana yoyote? Na je, aweza kuwa na tabia njema? Mahali pengi swali hili ni la vijana waliosoma vitabu vya Ulaya, nao huliuliza kwa kupima nguvu za akili tu. Lakini likiulizwa Kibondo au Kasulu lina uzito mwingine. Huko muulizaji huweza kusema: "Walioniunguzia nyumba walikuwa watu wa kusali. Aliyenifunga jeraha hakusali hata siku moja." Basi mtu wa namna hii hatujibiwi kwa maneno mepesi, wala haifai kumkemea kana kwamba amekufuru.

Kwanza yatupasa tukiri kwamba asemayo ni kweli. Nchi ya Buha, tangu vilima vya Heru hadi Muhambwe, imewapokea wakimbizi wa Burundi tangu mauaji ya mwaka 1972, na kwa wingi zaidi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya watu wa Kongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Katika nchi hizo walikotoka, watu wasiokuwa na dini ni wachache mno. Huko Rwanda mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama vile Nyarubuye na Ntarama, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Haifai Mwislamu kuyasema haya kwa kujifurahisha, kwani historia ya Waislamu nayo ina damu ya Waislamu iliyomwagwa na Waislamu. Kwa upande mwingine, waliotibu wagonjwa wa Nduta mwaka 2015 ni pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka, chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1971, ambacho hakifuati dini yoyote. Wamo ndani yake waumini, na wamo wasioamini kitu. Sindano zao zote zilikuwa na dawa ile ile.

Kwa hiyo, msomaji mpendwa, mtu akikuambia kwamba asiyeamini hawezi kutenda wema, usimsadiki. Anakanusha yaonekanayo kwa macho. Tena anakanusha mafundisho ya Kurani Tukufu, maana Kurani yatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu amemwumba kila mwanadamu juu ya umbile safi, na kwamba utambuzi wa mema na maovu umetiwa ndani ya nafsi yenyewe. Hautolewi siku mtu anapoandikwa katika daftari la dini fulani. Asiyeamini akitenda wema anatumia mali aliyopewa na Mungu, ijapokuwa hamjui aliyempa.

Swali lenyewe, basi, liko mahali pengine. Kwamba mtu aweza kutenda wema bila kuamini, tumekwisha kubali. Linalobaki ni hili: kwa nini autende wema huo unapomgharimu, na hakuna amwonaye, wala hakuna amshukuruye?

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuku huwafunika vifaranga wake kwa mbawa zake, na mwewe akija humrukia bila ya kujali maisha yake. Je, kuku ana tabia njema? Hapana, ana maumbile. Hakuchagua, wala hangeweza kufanya vinginevyo. Katika hotuba yake iliyosomwa mjini Lahore mwezi Desemba mwaka 1896, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. alieleza kwamba hali za maumbile, kama huruma, hasira na upole, huwa tabia njema pale tu zinapotumiwa kwa akili na mahali pake panapostahili. Mtu aliye mpole kwa sababu tu hawezi kukasirika hastahili sifa kwa upole huo, kama vile kondoo asivyostahili sifa kwa kutouma.

Sasa tazama jinsi jambo hili lilivyodhihirika katika Buha. Mrundi alipovuka mpaka mwaka 1993, Mha aliyempokea alisikia lugha iliyo karibu sana na yake, na pengine walikuwa na ukoo mmoja. Huruma ilimjia kama maji yashukavyo mlimani. Lakini Mbembe aliyetoka Fizi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hana lugha hiyo wala ukoo huo. Zaidi ya hayo, huruma ya maumbile huchoka. Mwezi wa kwanza mwenyeji humgawia mgeni muhogo. Mwaka wa tano kuni zimekwisha katika msitu wa karibu, mahindi yameibwa usiku, na kila uovu unaotendeka njiani unatajwa kuwa ni wa wakimbizi. Hapo moyo wasema, "Nimetosheka." Huwezi kumlaumu kuku kwa kutowafunika vifaranga wa jirani. Lakini mwanadamu twamwambia: bado wajibu upo. Je, twamwambia kwa idhini ya nani?

Wengine hujibu, "Kwa idhini ya jamii. Watu wamepatana juu ya desturi na sheria ili waishi kwa amani, na hilo latosha." Jibu hili lina uzuri wake nyakati za amani. Lakini katika Rwanda ya mwaka 1994 ni nani aliyeamrisha kuua? Ilikuwa ni serikali na viongozi wa mitaa, na redio iliyosikika kila nyumba ikawaita majirani "mende". Jamii ilikuwa imepatana. Mwenye kumficha mtoto wa jirani chini ya kitanda ndiye aliyeivunja amri ya jamii, na alijua kwamba akikamatwa atauawa pamoja na mtoto huyo. Walikuwako watu wa namna hiyo, Wakristo kwa Waislamu, na wengine ambao hatujui waliamini nini. Ikiwa jema ni lile jamii inaloliafiki, basi mtu huyo alikuwa mkosaji, na muuaji alikuwa raia mwema. Kama akili yako yakataa matokeo hayo, na bila shaka yakataa, basi umekubali kwamba yuko mwamuzi aliye juu ya jamii, ambaye jamii nzima yaweza kusimamishwa mbele yake ikahukumiwa.

"Mwamuzi huyo ni utu," atasema mwingine. "Kila mwanadamu ana heshima sawa, na hilo halihitaji Mungu." Neno hili ni zuri, na katika nchi ya Tanzania limejenga mambo makubwa. Mwalimu Julius Nyerere alisema mara nyingi kwamba serikali haina dini, bali watu ndio wenye dini, na siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilijengwa juu ya usawa wa binadamu wote. Lakini usawa huo umepimwa kwa mzani gani? Ukiwapima watu kwa nguvu, hawako sawa, wala ukiwapima kwa akili, umri, afya au mali. Mtoto mwenye utapiamlo na waziri hawalingani katika kitu chochote kiwezacho kupimwa. Sayansi haijauona usawa huu, wala haiwezi kuuona, maana si kitu cha macho. Anayesema watu ni sawa, asema kwamba liko jicho linalowaona wote kuwa sawa. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kusali, na sidhani kwamba aliupata usawa huo katika hesabu za uchumi.

Mfano wa jambo hili uko karibu. Mto Malagarasi huanza katika vilima vya mpakani mwa Burundi, hupita nyikani na katika mabwawa, hata ukaingia Ziwa Tanganyika. Mtu wa Uvinza aweza kuyatumia maji yake maisha yake yote bila ya kujua chanzo chake, na maji hayatapunguka kwa kutojua kwake. Lakini akisema kwamba mto hauna chanzo kwa sababu yeye hakukiona, amekosea. Na akishauri chanzo kizibwe kwa kuwa maji yapo tele, amewahatarisha wajukuu zake. Wengi wa wema wasioamini, huko Ulaya na kwetu pia, walilelewa na wazazi au na mila zilizochota kutoka chanzo hicho.

Lakini wako wanaotushambulia upande mwingine, wakisema: "Ninyi mwatenda wema kwa kuogopa Moto na kwa kutamani Pepo. Huo si wema, ni biashara." Shutuma hii yawapata waumini wengi, tukubali. Lakini haiipati dini yenyewe. Kurani Tukufu yawasifu wale wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya mapenzi ya Mwenyezi Mungu, wasitake malipo kutoka kwao wala shukrani. Kurani yataja pia daraja za nafsi. Iko nafsi iamrishayo maovu, iko nafsi ijilaumuyo, na iko nafsi iliyotulia kwa Mola wake. Woga wa adhabu ni kama fimbo ya mtoto anayejifunza kutembea, na hakuna aibu kuitumia. Aibu ni kubaki nayo uzeeni.

Waha na Warundi wamelielewa jambo hili tangu zamani, kabla hawajafikiwa na Msahafu wala Biblia. Mungu wao wamwita Imana, nao huwapa watoto wao majina yanayomtaja. Hakizimana ni kusema "Mungu ndiye aponyaye." Bigirimana ni kusema kwamba mambo yote ni yake. Na liko jina Habonimana, maana yake "Mungu ndiye aonaye." Tafakari juu ya jina hili. Askari haoni shamba la muhogo usiku wa manane, wala jirani na mwandishi wa kambi anayegawa chakula hawalioni. Mzazi aliyempa mwanawe jina hilo hakuwa akimtishia kwa polisi. Alimwambia kwamba hakuna mahali ambapo uko peke yako. Hayo ni maonyo kwa mwizi, na ni faraja kwa aliyeibiwa.

Tuje sasa kwenye maana ya maisha. Jean-Paul Sartre, Mfaransa aliyemkana Mungu, alifundisha mjini Paris mwaka 1945 kwamba mwanadamu huja duniani bila ya kusudi, kisha hujitengenezea kusudi lake mwenyewe kwa matendo yake. Twamheshimu kwa kutoficha kwamba kutokuwako kwa Mungu ni jambo zito. Lakini peleka fundisho hilo Nyarugusu. Yuko kijana aliyezaliwa kambini, akasomea kambini, akaoa kambini, naye haruhusiwi kutoka kwenda kutafuta kazi bila ya kibali. Atajitengenezea kusudi gani, na kwa vifaa vipi? Ikiwa maana ya maisha ni ile tuijengayo kwa uwezo wetu, basi maskini na mfungwa wana maana ndogo kuliko tajiri aliye huru, na aliyelala hoi kitandani hana maana kabisa.

Tabibu Viktor Frankl wa Vienna, aliyepita katika kambi za mateso za Wajerumani na kuandika habari zake mwaka 1946, aliona kinyume chake. Hata aliyenyang'anywa kila kitu bado alikuwa na kusudi lililomngoja, na kazi yake ilikuwa kuligundua. Frankl hakuwalazimisha wagonjwa wake wamwamini Mungu. Lakini angalia neno hilo la kugundua. Hugunduliwa kile tu ambacho kilikuwapo tangu awali.

Na liko deni la waliokufa. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha hata ikafungwa mwisho wa mwaka 2015, iliwashtaki watu 93. Mahakama za gacaca zikahukumu wengi zaidi. Hata hivyo hakuna hakimu awezaye kumlipa mtoto aliyekufa kwa kuhara njiani kabla ya kufika Kibondo. Kama hakuna Siku ya Hesabu, daftari la mtoto huyo limefungwa bila ya kulipwa, na halitafunguliwa kamwe.

Msomaji makini atasema: "Kutamani haki kuwe na mwisho mwema si dalili kwamba Mungu yuko." Ni kweli. Hoja hizi zaonyesha tu kile anachokipoteza amkanaye Mungu, na kwamba wema anaoushika waelekea mahali asipotaka kwenda. Kumjua Mungu Mwenyewe hupatikana kwa njia nyingine. Mtu husimama usiku na kumwomba Yeye Asiyeonekana kwa lugha yake mwenyewe, Kiha, Kirundi au Kibembe, akasema: "Kama Uko, nionyeshe." Aifanye kazi hiyo kwa muda wa siku nyingi na kwa moyo mnyofu, kama mkulima asiyefukua mbegu kila asubuhi kuona kama imeota.

Na yule muuguzi asiyesali, je, hukumu yake ni nini? Hatukupewa kazi ya kuhukumu. Twafundishwa kwamba hata wema wenye uzito wa chembe hautapotea, na Mwenye kuupima si sisi. Ndugu yetu wa Kasulu aliyefungwa jeraha na mikono ile, kama angali akilikumbuka jina la mwenye mikono hiyo, na alitaje katika sala zake.