GITAA NA SAUTI YAKE: Tengeneza Kwanza, Nunua Baadaye

Gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme, halina msaada wa sauti ila mbao zake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Kongo, mji ambao leo huitwa Likasi, gitaa moja la namna hiyo lilitosha kumpatia mpigaji sifa hata nje ya nchi yake. Lakini magitaa mengi huharibiwa na wenyewe kwa kutaka kuyaongezea sauti kabla ya kuyaponya maradhi yake.

SAUTI HUTOKA WAPI? Mtetemeko wa nyuzi hupita katika kipande chembamba kilichosimama juu ya daraja, huingia katika daraja, kisha huutikisa uso wa gitaa. Uso huo ndio unaosukuma hewa. Fundi Antonio de Torres wa Hispania alilithibitisha jambo hili mwaka 1862, alipounda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi iliyogandishwa, lakini uso wake wa mbao njema.

UCHUNGUZI. Kwa hiyo fundi stadi huanza na uso. Huugonga polepole kwa kidole na kusikiliza: mlio wa kukwaruza huonyesha kwamba kijiti cha ndani kimebanduka. Hutia taa na kioo kidogo ndani ya tundu, akatafuta nyufa. Ubao ukikauka mno hupasuka. Yafaa gitaa likae mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, mbali na jua na jiko.

NYUZI. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa pamoja kadiri ya kilo 70 au zaidi. Za nailoni huvuta karibu nusu yake. Gitaa lililoundwa kwa nailoni lisitiwe chuma kamwe, kwani uso utavimba na daraja litang'oka.

DARAJA. Daraja lililobanduka lisipigiliwe misumari wala skrubu, maana hizo hupasua uso. Gundi yote ya zamani iondolewe, daraja ligandishwe juu ya ubao mtupu, si juu ya vanishi, libanwe kwa vibanio, na nyuzi zisikazwe kabla ya siku nzima kupita.

MFUPA. Hayo yakiisha, ndipo kubadili vipande kunapofaa. Badala ya plastiki laini, kipande cha darajani huweza kuchongwa kwa mfupa wa ng'ombe uliotolewa mafuta na kukaushwa vema. Mfupa ni mgumu, nao hupitisha mtetemeko vizuri zaidi. Chini yake uwe sawasawa kabisa na ukae imara katika mfereji wake, kwa maana pengo dogo tu hupoteza sauti.

Kimo cha nyuzi hupimwa juu ya chuma cha 12 cha shingo. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2 kwa uzi mwembamba na 2.5 kwa ule mnene hufaa wapigaji wengi. Kwa kuwa chuma hicho kipo katikati ya urefu wa uzi, atakaye kushusha nyuzi kwa milimita 1 hana budi kupunguza milimita 2 za mfupa. Apunguze upande wa chini, kidogo kidogo, akipima kila mara, kilichokatwa hakirudi.

Funguo mpya husaidia nyuzi zisilegee, lakini haziponyi uso uliopasuka. Kubadili nyuzi na kupiga msasa mfupa ni kazi awezayo mwenye gitaa mwenyewe. Vijiti vya ndani, shingo iliyopinda na daraja lililong'oka ni kazi ya fundi. Akijua mpaka huo, gitaa la bei ndogo laweza kumtumikia miaka mingi.