SOMO LA ROBO HII: Kazi za Nyumbani kwa Watoto wa Shule za Msingi



Katika vikao vya kamati za parokia suala hili hujitokeza mara kwa mara. Wazazi wengine hulalamika kwamba walimu hawatoi kazi za kutosha za kufanya nyumbani. Wengine husema watoto wanaadhibiwa kwa kazi wasizoweza kuzifanya. Somo hili linaeleza wataalamu wa elimu wanasema nini, na maana yake kwa vijiji vyetu vya mkoa wa Singida.

1. Wataalamu wanasema nini?

Mwaka 2006 Profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake, walilinganisha tafiti nyingi juu ya kazi za nyumbani. Waliona kuwa kazi hizo huendana na ufaulu mzuri kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, lakini kwa watoto wadogo uhusiano huo ni hafifu. Huko Marekani walimu wengi hufuata kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa: darasa la kwanza dakika 10, darasa la nne dakika 40. Ufaransa ilizuia kazi za nyumbani za kuandika katika shule za msingi tangu mwaka 1956. China iliagiza mwaka 2021 kwamba watoto wa darasa la kwanza na la pili wasipewe kazi za kuandika nyumbani.

Wapo pia walimu wanaozitetea. Wanasema mtoto anayesoma kidogo kila siku hasahau aliyofundishwa, na mzazi hupata nafasi ya kuona maendeleo yake. Hata hivyo, pande zote mbili zinakubaliana kuwa kazi inayofaa ni fupi, inaeleweka kwa mtoto, na inasahihishwa.

2. Hali yetu ikoje?

Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na tangu mwaka 2016 michango ya lazima nayo imeondolewa. Watoto wengi wamepata nafasi, na madarasa yamejaa. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mwalimu mwenye watoto 90, akitumia dakika mbili kwa kila daftari, anahitaji saa 3 kusahihisha zoezi moja tu. Daftari lisilosahihishwa linamfundisha mtoto kuwa kazi yake haina maana.

Nyumbani nako kuna shughuli. Mtoto akirudi anachota maji, anachunga mbuzi, au wakati wa mavuno anaamia ndege shambani. Giza likiingia, kaya isiyo na umeme inategemea kibatari au tochi. Wapo wazazi wasiojua kusoma, na nyumba nyingi zinazungumza Kinyaturu au Kinyiramba, wakati shuleni masomo ni kwa Kiswahili. Mtoto wa namna hii akichapwa asubuhi kwa kukosa kazi, anaadhibiwa kwa umaskini wa nyumbani kwao. Kesho yake ataishia njiani, na huo ndio mwanzo wa utoro. Tukumbuke kuwa kanuni za Serikali za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa tu, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu.

3. Kazi inayofaa

Katika Elimu ya Kujitegemea (1967), Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Kazi ya nyumbani inaweza kutoka katika maisha hayo hayo. Mtoto anayechota maji ahesabu: ndoo ya lita 20 inajazwa na majagi mangapi ya lita 2? Ahesabu kuku asubuhi na jioni, aandike tofauti. Amwombe bibi hadithi kwa lugha ya nyumbani, kesho aisimulie darasani kwa Kiswahili. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusaidia kazi kama hizi, na mwalimu anaweza kuzisikiliza darasani bila kubeba madaftari 90.

4. Kamati na wafadhili wafanye nini?

- Kaeni na mwalimu mkuu na kamati ya shule, mkubaliane kiasi cha kazi kwa kila darasa.
- Kazi ya kuandika ifanyike shuleni kabla ya watoto kutawanyika, kungali na mwanga. Penye ukumbi wa parokia wenye taa, ufunguliwe jioni kwa watoto wanaoishi karibu, chini ya uangalizi wa watu wazima wawili.
- Wazazi wamwachie mtoto nusu saa kabla ya giza.
- Mfadhili anayetaka kununua vitabu vya mazoezi aulize kwanza nani atavisahihisha. Mara nyingi vitabu vya hadithi na taa za sola vitasaidia zaidi.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, mtoto wa darasa la tatu anapata muda gani wa kusoma kabla ya giza?
2. Ni watoto gani wanaokosa shule kwa kuogopa adhabu? Nani atazungumza na wazazi wao na mwalimu wao?
3. Ni jambo gani moja tunaloweza kulianza muhula huu bila kusubiri msaada?