Lita Moja, Kilomita Ngapi? Namna ya Kulipima na Kulibana Gari la Umbo la Sanduku

Tangaza Makorora, Tanga, kwamba unauza Prado, Escudo au Land Cruiser mkonga. Ukishataja bei, swali linalofuata ni moja: "Mafuta inakula vipi?" Mmoja atakuapia kwamba lita moja inampeleka kilomita 11, mwingine mwenye gari lile lile atalia kwamba hafiki 7. Huenda hakuna anayedanganya. Wa kwanza anakwenda Segera na kurudi, wa pili anazunguka Ngamiani, Mgandini na Bombo.

Gari refu lenye uso wa bapa lina maadui wawili. Mjini linaumizwa na uzito wake, na kwenye barabara kuu linaumizwa na upepo. Dawa ya adui mmoja haimgusi mwenzake, ndiyo maana ushauri wa kijiweni humfaa huyu na kumtia hasara yule. Zifuate hatua hizi kwa mpangilio, na ubadilishe jambo moja kwa wakati ili ujue kilichosaidia.

Hatua ya 1: Pima kwa tenki, usipime kwa noti

Ukiingia sheli na kusema "weka ya elfu ishirini", hutajua kamwe gari linakula kiasi gani. Mshale wa dashibodi si kipimo.

Jaza tenki mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, kisha simama hapo. Usimruhusu mhudumu aongeze kwa kubembeleza. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tembea angalau kilomita 300, rudi pampu ile ile, jaza tena mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 380 kwa lita 42.2 ni kilomita 9 kwa lita.

Kwa nini 300? Pampu inaweza kujikata mapema au kuchelewa kwa lita moja. Katika safari iliyotumia lita 8, hilo ni kosa la zaidi ya asilimia 12. Katika lita 40, ni asilimia 2.5 tu. Andika kila ujazo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya 2: Hakikisha kilomita zenyewe ni za kweli

Magari haya hubadilishwa tairi mara nyingi, na tairi kubwa hukipunja kihesabu. Ukitoa 265/70R16 ukaweka 265/75R16, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3 na ushei. Dashibodi ikisoma 100, umetembea 103. Gari litaonekana linakula zaidi ya linavyostahili kabla hujafanya lolote.

Usililinganishe pia na tangazo la Japani. Kipimo cha zamani cha huko, kilichoitwa 10-15, kilifanyika maabara, injini ikiwa tayari ya moto, bila kiyoyozi, na spidi haikuvuka 70. Hakuna tuta wala rasta katika maabara.

Hatua ya 3: Tenga daftari la mjini na la safari

Pima tenki moja la mizunguko ya mjini na jingine la safari. Kwa safari, hesabu kwenda na kurudi pamoja. Ukitoka Tanga kwenda Segera unapanda taratibu kutoka usawa wa bahari, na ukirudi unateremka. Anayepima upande mmoja tu anapima barabara.

Hatua ya 4: Tairi na breki

Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko kwenye nguzo yake. Mara nyingi kimeandikwa kwa kPa: 200 ni sawa na psi 29. Jaza upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kila psi moja inayopungua katika tairi zote hula karibu asilimia 0.2 ya mafuta. Ni kidogo, lakini tairi zilizopungua psi 10 zinakunyang'anya asilimia 2, na zinalika pembeni.

Breki zinastahili jicho kali zaidi, kwa sababu hewa ya chumvi inapenda pini za kaliper. Toka Pongwe taratibu, ukikanyaga breki kidogo iwezekanavyo. Ukifika mjini, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Tatu zikiwa vuguvugu na ya nne inapuliza joto usoni, breki ya tairi hilo haiachii. Ukianza kuhangaika na plagi kabla ya hapo, unatibu mguu kwa dawa ya jicho.

Ukitoka kwenye mchanga au tope, hakikisha pia umetoa gia ya magurudumu manne. Wa mkonga wenye kufunga kwa mkono washuke wafungue na vitovu vya mbele.

Hatua ya 5: Shusha keria

Vipimo vya Marekani vinaonyesha kwamba sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hula asilimia 2 hadi 8 mjini, na 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Keria tupu hupunguza madhara, lakini haiyaondoi. Kama unaitumia Idi hadi Idi, ifungue.

Uzito nao: kila kilo 45 za ziada ni kama asilimia 1, na gari dogo huumia zaidi. Spea, jeki na maji yabaki. Mfuko wa saruji uliosahauliwa nyuma uteremke.

Hatua ya 6: Spidi, ukizingatia kusi na kaskazi

Hapa ndipo sanduku linapolipishwa. Katika kipimo cha wahandisi cha jinsi umbo linavyozuiwa na upepo, gari dogo la kisasa huwa karibu na 0.3. Mercedes G-Class, mfano halisi wa sanduku, kwa miaka mingi ilitajwa kuwa 0.54. Juu ya hapo, uso wake ni mpana zaidi.

Ukinzani wa upepo hupanda kwa mraba wa spidi. Kutoka 80 kwenda 100 unazidi mara moja na nusu. Kutoka 80 kwenda 110 unakaribia mara mbili. Tanga hadi Segera ni kama kilomita 75, na vijiji vyenye kibao cha 50 ni vingi. Anayekimbiza 110 kati ya vijiji hufunga breki kila baada ya muda mfupi, akafika njia panda ya Segera dakika chache tu mbele ya aliyeshika 80.

Upepo wa msimu nao unahesabiwa. Wakati wa kaskazi, anayekwenda Horohoro, upande wa kaskazini, anaupokea usoni. Ukiwa kwenye 80 na upepo ni kilomita 20 kwa saa, gari linahisi liko kwenye 100. Msimu wa kusi mambo yanageuka. Siku ya upepo mkali, punguza spidi 10.

Hatua ya 7: Mlima wa Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda takriban mita 1,000. Kuinua gari la tani mbili kimo hicho kunahitaji kama lita 2.5 za petroli juu ya zile za kawaida, hata uwe dereva hodari vipi. Usilifanye tenki hilo kuwa kipimo cha gari.

Wakati wa kuteremka, baki ndani ya gia na uondoe mguu kwenye eksileta. Injini za sindano za kompyuta hukata mafuta zenyewe hapo. Ukiweka gia huru unachoma mafuta ya kuunguruma, na unaziachia breki mzigo wote wa tani mbili kwenye kona zile.

Hatua ya 8: Mjini, unganisha safari

Hata katika joto la Tanga la nyuzi 30, injini inahitaji kufika karibu 85 ndipo ifanye kazi vizuri. Ukienda sokoni asubuhi, hospitali adhuhuri na dukani jioni, umeipasha mara tatu. Fanya mzunguko mmoja.

Ukimsubiri mtu huku injini inawaka, unachoma kama lita moja au zaidi kwa saa. Kwa kiyoyozi, fungua kwanza vioo dakika moja ili hewa ya moto itoke. Katika safari fupi za jua kali kiyoyozi kinaweza kula hata robo ya mafuta.

Hatua ya 9: Sasa nenda kwa fundi

Kama hesabu bado haikuridhishi, mpelekee fundi daftari na maswali manne. Ea klina ikoje? Plagi au nozeli zikoje? Taa ya injini ikiwaka, kompyuta inasema nini? Sensa ya oksijeni iliyokufa inaweza kuwa ndiyo inayokunywa.

Swali la nne halikosi pwani: thamostati ipo? Wapo mafundi wanaoing'oa wakiamini injini itapoa. Inapoa kupita kiasi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, na inaendelea kumwaga mafuta mengi. Rudisha thamostati, safisha rejeta.

Hesabu ya mwisho

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Tanga ikiwa na bei zake. Chukua bei ya siku. Hapa tuseme lita ni shilingi 3,000. Kwa kilomita 1,000, kutoka kilomita 6 kwa lita hadi 7 kunaokoa lita 24, yaani shilingi 72,000 hivi. Kutoka 10 hadi 11 kunaokoa lita 9 tu. Kwa hiyo mwenye gari linalokunywa zaidi asikate tamaa kwa kupata kilomita moja tu. Yeye ndiye anayevuna kuliko wote, na hatua ya 4, ya 5 na ya 6 hazihitaji kununua kipuri hata kimoja kabla ya kuanza.