Dondoo muhimu: Mtoto aingiapo chuo kikuu

Mzazi wa Mgeta au Matombo ambaye mwanawe amejaaliwa nafasi katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo au Mzumbe, na ayazingatie haya kabla ya kufungua kibindo:

• Usinunue kitabu kabla mwalimu hajatoa orodha. Kwani vingi ambavyo bei yake dukani ni mzigo hupatikana katika Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyo papo hapo katika chuo hicho cha Sokoine.

• Mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, una fungu la vitabu na viandikwa. Lakini kwa kuwa fedha huweza kukawia, weka akiba ya majuma ya mwanzo.

• Kitabu kilichotumika, hata kikiwa na majina mawili yaliyokatwa kwa wino jaladani, hakina taksiri, ilimradi toleo ni lile lililoagizwa.

• Mjomba, ambaye kwa ada ya Waluguru ana sauti katika mambo ya mpwawe, ashirikishwe mapema katika mipango ya gharama.

• Badala ya kumsaili mwanao kila jioni amekula nini, mpe posho ya mwezi, naye aandike matumizi daftarini.